Mume Wangu Anamfundisha Binti Yetu Amsingizie Mwalimu

Barua hii ilitufikia kwa basi la Dodoma mwezi wa tano mwaka huu wa 1996. Kwa kuwa mwandishi wake alikuwa anabanwa na siku, Bi Mwajabu, mshauri wa safu hii, alimjibu kwa basi hilo hilo bila kusubiri gazeti litoke. Sasa tunachapisha yote, kwa ruhusa yake. Majina tumeyabadilisha.

Mpendwa Bi Mwajabu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na nakusihi unijibu kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo mtoto wangu atasimamishwa mbele ya afisa elimu aseme uongo, na anayemfundisha huo uongo ni baba yake mzazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kikuyu, hapa Dodoma mjini. Mume wangu Swalihu anauza spea za baiskeli sokoni, wao ni watu wa biashara tangu kwa babu zao. Mtoto ninayemzungumzia ni binti yetu mkubwa, Joha, yuko darasa la tano, na lazima nikueleze alivyokuwa mwaka jana ili uelewe kwa nini nimeshindwa kunyamaza.

Mwaka jana Joha alikuwa anaamka kila siku ya shule ameshika tumbo, ukimpa chai anaitapika, anang'ata kola ya shati la shule mpaka imekatika, na kitandani anajikojolea, mtoto wa miaka kumi, nikampeleka hospitali wakampima choo wakampima na damu hawakuona kitu, mama mkwe wangu akasema huyu ana jini, tukampeleka kwa shehe akanywa kombe, yale maji ya dua, wapi, na ajabu yake likizo ikifika tumbo linapona lenyewe na godoro linakauka. Nikaona hapana, siku moja nikajifunga khanga nikaenda shuleni mwenyewe nikachungulia dirishani. Bi Mwajabu, darasa lile lina watoto zaidi ya mia, wengi wanakaa sakafuni, madirisha mengine yamezibwa kwa mabati kwa ajili ya vumbi, na mwalimu wa Sayansi amesimama na fimbo, watoto wanaimba sehemu za ua kwa sauti moja kama wanaimba kwaya, na ubaoni hakuna hata mchoro wa hilo ua, anayekosea anachapwa, anayenyamaza anachapwa. Joha wangu yuko nyuma kabisa ukutani, mdomo umefumba, kola iko katikati ya meno. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima.

Mwaka huu ndipo akaletwa Mwalimu Edina, binti bado kijana, amehamishiwa hapa kutoka Mpwapwa, akapewa Sayansi ya darasa la tano. Huyu hakukaa na watoto mle ndani. Pembeni ya shule kuna kiwanja kinachopakana na barabara, kina majani na mawe na kichuguu kimoja, ndiko alikowapeleka, wakachimba shimo kuona udongo unavyobadilika rangi ukienda chini, wakatoboa kichuguu kidogo wakakaa kuangalia mchwa wanavyokimbilia kuziba, wakapanda uwele na karanga kwenye makopo ya mafuta, mengine yamewekwa juani na mengine yamefunikwa, wakafunga kitambaa kwenye kijiti kujua upepo unatoka wapi, na huku kwetu upepo ni wa kumwaga. Baada ya wiki chache mtoto akaanza kuamka kabla yangu. Siku moja nachambua mchele akaja mbio akaniuliza, "Mama, kivuli cha mlingoti wa bendera kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi?" Nikamwambia sijui mwanangu, hebu niambie. Akaniambia, "Usiulize watu, nenda kakitazame!" akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimesahau kicheko cha mtoto yule kikoje. Hatapiki, hajikojolei, kola nimeshona mpya na mpaka leo ni nzima.

Sasa sikiliza balaa. Mwezi uliopita walikuwa wanajifunza wadudu wanaojificha chini ya mawe. Mwalimu anageuza jiwe kwa kijiti, watoto wanatazama, akawaonya wasiguse kwa mikono, lakini kuna msichana anaitwa Ritha, wazazi wake ni watumishi wa serikali wanakaa Area D, yeye akainua jiwe lake kwa mkono na nge akamuuma kidole. Mwalimu Edina alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka zahanati, watoto akamwachia mwalimu wa darasa la jirani. Ritha alivimba mkono, alilia sana, akalala na dawa, na kesho kutwa yake alikuwa shuleni amemchora yule nge kwenye daftari, mkubwa kama mbuzi, anawaonyesha wenzake kwa maringo. Mimi nilidhani habari imeishia hapo.

Haikuisha. Mwenyekiti wa kamati ya shule, bwana mmoja anaitwa Anuari, rafiki sana wa mume wangu, akaitisha mkutano wa wazazi, na aliyesimama wa kwanza kusema ni mume wangu, ambaye tangu mtoto aanze darasa la kwanza hajawahi kukanyaga pale shuleni. Akasema hatukuleta watoto kuchezea matope, wachunga mbuzi wako wengi vijijini, sisi tunataka watoto wa kusoma ndani ya darasa kama wenzao wa shule za kulipia, na mwalimu anayewatupa watoto kwa nge aondolewe. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu akainama tu. Tangu siku hiyo Mwalimu Edina kazuiwa kuwatoa watoto nje, na imeandikwa barua wilayani kwamba siku ile aliwaacha watoto peke yao, ndiyo maana afisa elimu anakuja Alhamisi kuwahoji watoto.

Ijumaa baada ya swala Anuari akaja nyumbani, wakaketi sebuleni na mume wangu, mimi nawamiminia kahawa. Wala hawakushusha sauti, maana mimi kwao ni kama birika. Anuari akasema, "Huyu mwalimu akishaondoka, kile kiwanja hakina wa kukililia. Fremu zitajengwa barabarani pote, ya kwenu ni ile ya kona." Mume wangu akajibu, "Ya kona ndiyo yenyewe." Nilisimama pale na birika mkononi nikaelewa yote. Hapakuwa na huruma ya nge. Ni maduka! Wanataka kiwanja cha watoto wajenge maduka, na mwalimu yule ndiye aliyekuwa amekikalia na makopo yake ya karanga.

Nami ningevumilia hilo pia, Bi Mwajabu, maana soko ni gumu, kila mtu anauza siku hizi na spea za baiskeli haziendi, namwona mume wangu anavyorudi amechoka. Lakini juzi jioni akamwita Joha, kwa sababu Joha ndiye aliyekuwa amesimama karibu na Ritha. Akamwambia, "Afisa akikuuliza mwalimu alikuwa wapi, sema alikuwa ofisini anakunywa chai." Joha akasema, "Lakini baba, alikuwa pale pale." Akamwambia, "Mimi nakuuliza alikuwa wapi?" Mtoto akarudi nyuma hatua moja. "Alikuwa wapi?" Joha akasema taratibu, "Ofisini." "Anafanya nini?" "Anakunywa chai." Akampa peremende. Joha akatoka uani, akatapika.

Nikamwambia mume wangu, baba Joha, unamfanya nini mtoto huyu? Akasema, "Ni maneno mawili tu, hayaui mtu. Na wewe ukifungua mdomo wako kwenye mambo ya wanaume, njia ya kurudi kwenu Kondoa unaijua." Asubuhi mtoto ameamka ameshika tumbo. Kola ameanza kuing'ata.

Naomba unielekeze. Nimtii mume wangu kama nilivyolelewa? Au siku ya Alhamisi nimfungie mtoto ndani, niseme anaumwa, asiulizwe chochote, ili nisimkosee baba yake na nisimkosee mwalimu? Nimefikiri hilo ndilo afadhali, lakini roho haitulii.

Mama Joha, Kikuyu, Dodoma

JIBU LA BI MWAJABU

Marahaba, mwanangu. Roho yako haitulii kwa sababu ina akili kukuzidi wewe. Isikilize.

Nianze na huo mpango wako wa kumfungia mtoto ndani. Ni mpango mbovu. Unataka kumzuia Joha asiseme uongo wa baba yake, halafu umfundishe uongo wa mama yake. Mtoto yule alitapika kwa maneno mawili, wewe unamwongezea la tatu, kwamba anaumwa. Na usidhani Anuari atarudi nyumbani akalale. Watatafuta mtoto mwingine wa kusema alikuwa ofisini anakunywa chai, pengine mtoto mwoga zaidi, na wako atakaa ndani anajua kwamba angeweza kusema kweli akafichwa. Tumbo hilo halitapona kwa kombe wala kwa vidonge. Alhamisi Joha aende shule, shati limepigwa pasi, mkono wake uko ndani ya mkono wako.

Nimekukaripia, sasa nikupe pole. Pole sana, mama. Ulifanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi: ulikwenda ukachungulia dirishani. Hospitali haikuona ugonjwa kwa sababu ugonjwa haukuwa tumboni, ulikuwa mle darasani, kwenye giza la mabati na fimbo na ua linaloimbwa bila kuonwa. Hasira yako ni halali, na yangu naijumlisha humo. Tunawarundika watoto mia na ushei kwenye chumba kimoja, tunawapiga wakariri, wakianza kujikojolea tunasema ni majini! Anatokea mwalimu mmoja anawatoa wakaone jua na udongo na mchwa, watoto wanapona, wanauliza, wanacheka, na sisi watu wazima tunaitisha mkutano kumfukuza. Tena tunapiga makofi. Hatuoni haya. Siku hizi kila mwenye matofali mawili anatafuta ukuta wa shule wa kuegemezea duka lake, na akiulizwa anasema ni maendeleo. Biashara ni ruksa, ndiyo. Nani kasema ruksa ile ni ya kuuza mahali mtoto anapovutia pumzi?

Mume wako simwiti mtu mbaya. Ni mtu aliyebanwa, akaonyeshwa fremu ya kona akapofuka. Lakini kubanwa hakumpi ruhusa ya kumtumia mtoto. Utii uliolelewa nao una mipaka, nawe unaijua, ndiyo maana umeniandikia. Mume akikuambia upike ubwabwa badala ya ugali, pika. Akikuambia unyamaze wakati mwanao anafundishwa kumzika mtu aliye hai, hapo humtii, unamzuia, na kumzuia ndiko kumheshimu.

Sasa fanya hivi. Barua yako yote imejaa nge wa Ritha, lakini hakuna mahali umesema mama yake Ritha anasemaje. Umeshaenda kumwona? Nadhani hujaenda. Nadhani hakuna aliyekwenda. Mtoto aliyeumwa ni wake, wanaolia ni wengine. Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu uende Area D.

Ukirudi, zungumza na mume wako, wala usimsubirie chumbani mkiwa wawili, huko atakukatisha. Zungumza mbele ya mama yake. Yule bibi alikuwepo godoro lilipokuwa linaanikwa, alikuwepo lilipokauka. Usipige kelele, usimtaje Anuari, usitaje Kondoa. Mwambie mume wako: mtoto ametapika tena, nitakwenda naye Alhamisi, na atasema alichokiona. Halafu nyamaza umwachie mama yake nafasi.

Siku yenyewe usimwache Joha aingie peke yake kwenye chumba cha wanaume. Mwombe afisa kwa adabu kwamba utakaa naye. Usimfundishe cha kusema, hata kile cha kweli, maana hapo utakuwa umefanya kama baba yake. Mwambie aeleze alichokiona kwa macho yake, basi. Na akishamaliza yeye, wewe ndiye uulize, kwa sauti ya watu kusikia, kile kiwanja kimepangiwa nini na fremu ya kona ni ya nani.

Na Mwalimu Edina mfikishie salamu zangu, pamoja na karipio dogo: nchi yenu ina nge, analijua hilo kuliko mimi niliye huku pwani. Kuwaonya watoto kwa mdomo hakutoshi. Mawe ayageuze yeye, na watoto wasimame mbali na mikono yao mgongoni. Nge hatufungii watoto ndani kwa ajili yake, lakini hatumchezei.

Haya, simama. Ukitetemeka, tetemeka huku unatembea.

BARUA YA PILI

Bi Mwajabu, shikamoo tena. Jibu lako nilipewa na kondakta Jumatatu, na siku hiyo hiyo nilikwenda Area D. Mama Ritha anaitwa Anastazia, nilimkuta anaanua nguo. Nilipomweleza alibaki ameshika shati akaniuliza, "Nani kasema mimi nimelalamika? Mimi nilimpelekea yule mwalimu kuku!" Barua iliyokwenda wilayani kwa uchungu wa mtoto wake alikuwa hajawahi hata kuisikia. Alikasirika, Bi Mwajabu, mpaka mimi nikajiona mpole.

Nyumbani nilisema kama ulivyonielekeza. Mume wangu akaanza kufoka, ndipo mama yake akamwambia taratibu, "Swalihu, mashuka ya mtoto huyu nilikuwa nafua mimi. Usinirudishe kwenye beseni." Mume wangu akatoka hakula.

Alhamisi tulikuwa wengi, Anastazia naye aliomba ruhusa kazini akaja na Ritha. Afisa akamuuliza Joha, "Mwalimu wenu alikuwa wapi?" Joha alimtazama baba yake. Akasema, "Alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Alituambia tusishike kwa mkono. Ritha akashika." Na Ritha nyuma ya mama yake akasema, "Kweli, nilishika." Mume wangu akatazama dirishani. Nami nikauliza habari ya fremu. Anuari akasema hilo halimo kwenye ajenda, na afisa akasema sasa limo. Ujenzi umesimamishwa, kiwanja ni cha shule, na barua ile ya uongo imefutwa.

Ningekuandikia kwa furaha, lakini Mwalimu Edina ameomba uhamisho mwenyewe. Nilimfuata nyumbani kwake nikamsihi. Akaniambia, "Mama Joha, mtoto wako amenitetea, Mungu ambariki. Lakini kila nikiwatazama darasani nitajiuliza ni nani jana alifundishwa maneno ya kunimaliza." Wamempeleka shule moja huko Ihumwa. Joha ameniuliza, "Mama, si nilisema kweli? Mbona anaondoka?" Nikamwambia akalale.

Mwalimu mpya anaitwa Sila. Si mkali, hachapi, lakini hawatoi nje, anasema ana familia na hataki kesi. Mume wangu hasemi nami sana, ila habari ya Kondoa hajairudia. Leo asubuhi Joha hakumaliza chai.

BI MWAJABU

Mama Joha, mtoto akiuliza ajibiwe. Mwambie alisema kweli, na kweli yake imeokoa jina la mwalimu na kiwanja cha shule nzima. Mwambie pia kwamba Mwalimu Edina aliumizwa na watu wazima kabla yeye hajafungua mdomo, na kidonda hicho si kosa lake hata chembe. Kisha Jumamosi mpandishe gari mwende Ihumwa akamsalimie mwalimu wake, amwone anafundisha, arudi ametulia.

Wewe na Anastazia msikae mnalia. Huyo Mwalimu Sila nge hamsumbui, anawaogopa nyinyi wazazi, na ana haki. Mliposikia mwenzake aondolewe, mlipiga makofi. Kwa hiyo nendeni kwake wiki hii, mama kadhaa pamoja, mumwambie hatabaki peke yake na watoto: kila kipindi cha Sayansi wazazi wawili watakuwa pale kiwanjani, wamesimama, wanaona kwa macho yao, ili likitokea lolote asiwepo wa kusingizia. Ombeni Mwalimu Mkuu aliidhinishe, na safari hii asiiname. Pangeni zamu, mama na baba, mfanyabiashara na mtumishi wa serikali.

Na zamu ya kwanza mpeni Swalihu.